Bei ya Mchana

Nashipae,

Umeenda Kajiado kumuaga shangazi yako, na baba yako yuko nyuma ya nyumba anachuna mbuzi wa kukuaga kesho. Mimi nimebaki ndani na sanduku lako. Nimelipanga mara mbili, nikalipangua mara mbili, na sasa nimelikalia kwa sababu zipu imekataa kufunga. Barua hii nitaiweka juu ya kitanda chako uipate leo jioni, siyo ukiwa ndani ya ndege. Nataka uisome ukiwa bado unaweza kunirushia kitu.

Sitakuambia uvae sweta. Sitakuambia usali kabla ya kulala wala usile vitu vya watu usiowajua. Umesoma Kijerumani mwaka mzima na nusu kwenye chumba cha mabati juu ya duka la kutengeneza simu, ukafaulu, kwa hiyo mambo ya sweta unayaweza. Na kwa upande wa ushauri, mimi si mtu wa kusikilizwa. Utaona mwenyewe ukifika chini ya barua hii.

Kuna jambo limenikera tangu safari yako ijulikane. Kila anayeingia hapa anakusifu. Mchungaji alikusimamisha mbele ya kanisa akasema huyu binti ana moyo, anaenda kutunza wazee wa watu. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimekaa mbele na kitambaa changu cha kichwa, natingisha kichwa kama mtu aliyelea vizuri. Sasa nikuambie ninachokijua. Unaenda Ujerumani kuwafuta wazee wa wenyewe matako kwa sababu unaamini ulimuua Koko, nyanya yako. Hujawahi kulitamka, lakini nilikuona siku ile mwalimu wako wa hesabu alipokuja hapa kukubembeleza uende chuo kikuu. Ulimsikiliza kwa adabu, ukamwambia hapana, nataka kutunza wazee. Alinitazama nimsaidie. Nilikuwa najua kwa nini umesema vile, nikainuka nikaenda kukaanga mayai.

Hukumuua Koko. Nimeliandika mapema ili usilitafute. Haya mengine ni ya kukueleza nani alifanya nini.

Ulikuwa darasa la sita alipoletwa kutoka Entarara. Mapafu yake yalikuwa yamechoka kwa moshi wa kuni wa maisha yake yote, na daktari alisema lazima awekwe kwenye mashine ya oksijeni mchana na usiku, aitoe akienda kuoga tu. Kule kwake stima ikipotea ilikuwa inachukua siku. Hapa Kitengela ikipotea asubuhi, mchana imerudi. Kwa hiyo hakukuwa na mjadala, mama wa mume wangu angekaa kwangu. Baba yako alimbeba kutoka kwenye gari kama mtoto, akamketisha kwenye kiti changu cha karibu na dirisha.

Alinisalimu. Alisema, "Takwenya."

Nikajibu, "Mzuri, Mama."

Hata wewe ulijua kwamba takwenya huitikiwa iko. Mimi, mke wa Mmaasai kwa miaka kumi na mitatu, sikujua, au nilijua na ikanitoroka. Koko alicheka mpaka akakosa pumzi, na wewe ukacheka naye huku umemshika mkono. Baba yako akageuka upande ili nisimwone. Nilienda jikoni nikawasha jiko na sikuwa na kitu cha kupika.

Ingenisaidia sana kama ningekuambia alikuwa mwanamke mbaya. Nimetafuta ubaya wake miaka saba na nimepata neno moja tu. Wakati wa harusi yetu aliuliza mbele ya watu kama wasichana wameisha Kajiado yote hadi mwanawe aende kuchukua wa ilmeek, wale wasio Wamaasai. Alilisema mara moja. Mwaka uliofuata nilipokuzaa alinitumia mbuzi wawili, mafuta, na mwanamke wa kunikanda. Lile neno nililiweka, mbuzi nikawala.

Shida ilikuwa wewe. Ulikuwa mtoto wangu wa pekee, na ulikuwa ukitoka shule unakuja kwangu. Alipokuja Koko ukawa unaingia mlangoni na begi mgongoni, unainamisha kichwa, anakuwekea mkono utosini, halafu mnaanza. Ndani ya miezi miwili ulikuwa unaongea Kimaa kama umezaliwa kwenye boma. Ukahamishia godoro lako chumbani kwake. Mezani mlikuwa mnaangaliana mnacheka, kwa lugha nisiyoijua, ndani ya nyumba ambayo nusu ya mawe yake nimeyalipia mimi. Niliamini mnanicheka. Ukiwa kidato cha kwanza ndipo uliponiambia kwamba mlikuwa mnacheka habari ya beberu aliyekula kofia ya chifu.

Nilikuwa nauza vifaa vya stima pale kwenye duka la hadwea, unajua. Swichi, nyaya, balbu, vikata umeme. Siku moja mwenye duka alileta vipima umeme vya nyumbani, vile vya kufunga kwenye waya mkubwa unaotoka kwenye mita, na skrini ndogo ya kuweka ukutani. Nilinunua kimoja kwa bei ya wafanyakazi. Unakumbuka nilivyojivuna. Nilikipachika sebuleni mkabala na kile kiti cha dirishani, na hapo sikuwa na nia yoyote mbaya. Nilitaka tu kujua friji letu linakula kiasi gani.

Kipima kile peke yake kinaonyesha yuniti, na yuniti haimtishi mtu. Ili kionyeshe shilingi lazima ukiwekee bei. Wateja wangu wengi walikuwa wanakosea hapo, wanaweka ile bei ya msingi wanayoisikia redioni, kumbe kuna ada ya mafuta na kodi na vitu vingine juu yake. Mimi nilikuwa nawafundisha: chukua meseji ya tokeni, gawa pesa zote ulizolipa kwa yuniti ulizopata, hiyo ndiyo bei yako. Niliweka ya kwetu hivyo hivyo, sawasawa hadi senti. Halafu kikaniuliza kama bei ni moja siku nzima au inabadilika kwa saa. Kwetu majumbani ilikuwa moja siku nzima. Lakini kidude kilitengenezwa kwa ajili ya nchi ambazo mchana una bei yake na usiku una yake, kwa hiyo nafasi ya kuandika zote mbili ilikuwepo. Nikairuka.

Nilirudi kwenye nafasi hiyo miezi mitatu baadaye. Ilikuwa Jumapili, ninyi mmekaa nje kwenye jua na Koko, waya wa mashine mmeupitisha dirishani, na nilisikia jina langu katikati ya maneno ya Kimaa, halafu kicheko. Nikachukua simu, ile niliyokuwa napangia kipima. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni nikaandika bei mara tano ya ile ya kweli. Kuanzia saa kumi na moja jioni hadi asubuhi nikaiacha ya kweli, na Jumamosi na Jumapili nikaiacha ya kweli siku nzima. Ukurasa wa jumla ya siku nikauficha, ikabaki ile namba kubwa ya shilingi kwa saa. Baba yako alikuwa anafika kutoka kazini Kajiado saa kumi na mbili. Kila jioni alikuwa anavua koti, anatazama skrini, anasema aa, si mbaya. Koko ndiye aliyekaa na bei ya mchana.

Hakujua kusoma, lakini namba alikuwa anazisoma kuliko mimi. Huwezi kuuza mifugo mnadani miaka arobaini na usijue namba. Nilichokosa ni mtu wa kumweleza namba ile ni ya nini, mtu anayemwamini. Nikakuita jikoni nikakuambia, Nashi, Koko anapenda kujua vitu, mwonyeshe vile skrini inafanya kazi. Zima mashine kidogo aone namba inavyoshuka, halafu uwashe aone inavyopanda. Ulifurahi kweli. Ulikuwa unapenda kumfundisha mtu.

Ulinisimulia jioni ile yote, na ulikuwa na hesabu kwenye daftari. Koko alipiga makofi namba iliposhuka. Halafu akauliza, "Hii ni ya nani?" Ukamwambia ni ya mashine yake na friji. Akauliza, "Kwa mwezi ni mbuzi ngapi?" Ukazidisha kwa saa ishirini na nne, kwa sababu mashine ni ya mchana na usiku, ukazidisha kwa siku thelathini, ukagawa kwa bei ya mbuzi, na ulipoona mbuzi ni wengi ukamrahisishia. Ukamwambia ni ng'ombe mmoja, Koko.

"Mum, unajua amesema nini?" uliniambia. "Amesema yeye hajawahi kula ng'ombe peke yake."

Nilikuambia amesema vizuri, sasa nenda ukaoge. Nilikuwa nalijua lile neno uzito wake. Nimeishi na watu hawa. Nimeona mzee mwenye njaa akisukuma sahani kwa sababu waliomzunguka hawakuwa na zao. Kwa mwanamke kama Koko, kula ng'ombe wa mwanawe peke yake, kidogo kidogo, kila siku, kwa kupumua tu, ni aibu asiyoweza kuibeba. Nilikuwa nalijua hilo nilipoandika ile bei, na hiyo ndiyo sababu niliiandika. Angekuwa Mluhya mwenzangu ningemtafutia njia nyingine.

Nilitarajia aombe kurudi Entarara. Hicho tu ndicho nilichotaka, aombe mwenyewe, nami niseme jamani Mama, mbona mapema. Lakini hakuomba. Nadhani hakutaka kukuacha. Alichofanya ni kuzima. Tukishatoka wote asubuhi alikuwa anazima mashine, anakaa kwenye kiti changu anavuta hewa ya kawaida ya Kitengela na vumbi lake, na akisikia lango saa kumi unaporudi, anawasha. Wewe ulikuwa unamkuta na mpira puani, mashine inanguruma. Ulikuwa unashangaa tu kwa nini siku hizi anasinzia mkiongea, na kwa nini midomo yake imekuwa na rangi ile.

Najuaje? Kwa sababu kipima kilikuwa kinatuma kila kitu kwenye simu yangu. Nilikuwa nimesimama kaunta nauza soketi, nafungua simu, naona mstari umeanguka saa mbili na nusu. Saa kumi na dakika tano, mstari umepanda. Nimeuona wiki sita, Nashipae. Siku ya kwanza nilishtuka nikataka kupiga simu. Siku ya pili nikasema atachoka mwenyewe, ataomba kwenda kwao. Wiki ya tatu nilikuwa nauangalia kama mtu anavyoangalia mpira, kujua nani anashinda. Kuna siku aliwasha saa saba, nadhani alizidiwa, na mimi kule dukani nilikasirika. Hilo hakuna anayelijua hadi leo.

Ile Alhamisi mstari ulianguka asubuhi kama kawaida. Saa kumi haukupanda. Saa kumi na robo haukupanda. Nilikuwa na mteja anataka balbu za kuokoa stima, anauliza tofauti ya hii na hii, na nikamweleza zote mbili, nikamfungia, nikamrudishia chenji. Nilifikiri, leo mama amekuwa mkaidi. Halafu nikaagiza chai. Nilikuwa bado na kikombe mkononi ulipopiga kwa simu ya jirani.

Nilipofika ulikuwa umekaa sakafuni na miguu yake kwenye mapaja yako, unaisugua. Swichi ilikuwa imezimwa. Hukulia. Ulisema, "Mimi ndiye nilimwonyesha." Nilikusikia vizuri kabisa, na nikajibu, "Nyamaza, mama."

Kabla baba yako hajafika nilifanya mambo mawili. La kwanza, niliingia bafuni na simu nikafuta bei ya mchana. La pili, alipopiga simu kutoka njiani akiuliza imekuwaje, nilimwambia, "Mtoto amekuwa akichezea ile swichi ya mashine. Nilimkanya, hakusikia." Ilitoka bila kuipanga. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maswali mengi, na nikaona yote yameisha kwa sentensi moja.

Alikuja akapiga magoti mbele yako. Alikuuliza swali moja tu.

"Nashipae, ni wewe ulikuwa unazima mashine ya Koko?"

"Ndiyo, Papa, nilikuwa namwonyesha..."

Nikakushika bega nikakuinua. Nikasema mtoto amechoka, muacheni alale. Nikakuingiza chumbani nikafunga mlango, na lile ulilotaka kumalizia halikumalizika hadi leo. Ulikuwa na miaka kumi na miwili.

Hakukupiga wala hakukugombeza. Amekulipia shule, amekununulia viatu, amesaini kila karatasi ya safari hii. Lakini hajawahi tena kukuwekea mkono kichwani. Baada ya mazishi uliinamisha kichwa kama ulivyozoea, akapita akasema, "Habari ya shule." Uliinamisha tena siku iliyofuata. Uliendelea karibu mwaka mzima, na kila siku nilikuwa nimesimama pale na mwiko au na ufagio. Halafu ukiwa na miaka kumi na mitatu ukaacha. Binamu zako wakija anawabariki wote mstari mzima, akifika kwako anauliza habari ya shule. Wageni wanafikiri ni vile umekua.

Mara nyingi nilitaka kusema. Nilikuwa nasubiri siku nzuri, na kila ilipofika siku nzuri niliona vibaya kuiharibu. Ndivyo miaka saba ilivyoisha. Kama kuna kitu nimejifunza ni kwamba kutubu kesho ni rahisi mno, na mimi nimeishi humo. Kingine kinahusu kazi yako. Huko utakaa kati ya mashine zenye namba, za pumzi, za damu, za moyo. Utaziamini kwa sababu ziko ukutani na zina taa. Kila namba kuna mtu aliyeipanga kabla wewe hujaingia chumbani. Mtafute huyo mtu, hata akiwa amevaa vizuri, hata akiwa ndiye aliyekuzaa.

Na mzee akiacha kula au akisukuma dawa, usimwambie ni mkaidi. Kaa chini umuulize anafikiri anamgharimu nani.

Nilitaka kumalizia hapa. Nilikuwa nimeshaandika kwamba barua ni yako sasa, ukitaka mwonyeshe baba yako, ukitaka ichome kwenye jiko, uamuzi ni wako na mimi nitaukubali. Nimeisoma hiyo sentensi nikaona nilichokifanya. Nilikutuma kwa Koko na namba zangu, na sasa nakutuma kwa baba yako na uchafu wangu. Nimeikata. Ngoja kwanza.

Nimerudi. Saa nzima imepita.

Nilimkuta baba yako amemlaza mbuzi juu ya majani, ameshatoa ngozi ya upande mmoja. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu ningekaa nisingesema.

"Nashipae hakuzima mashine ya mama yako."

Kisu kiliendelea.

"Mimi niliweka bei ya uongo kwa ile kitu ya ukuta. Mama akaona anamaliza pesa zako. Akawa anazima mwenyewe tukitoka."

"Kitu gani ya ukuta?"

"Ile ya stima."

"Mimi nilikuwa naiona kila jioni. Ilikuwa inasema pesa kidogo tu."

"Jioni niliacha ya kweli. Ya uongo ilikuwa ya mchana."

Aliinua kichwa. "Ilikuwa inabadilika saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Na mimi nilikuwa nafika saa kumi na mbili."

"Ndiyo."

"Ulipanga hivyo."

"Nilipanga hivyo."

Aliweka kisu chini juu ya majani, polepole, na kwa kweli niliogopa alivyokiweka. Akauliza kama nilikuwa najua anazima. Nikasema nilikuwa naona kwa simu. Akauliza siku ngapi. Nikasema wiki sita. Nzi wakatua kwenye nyama na hakuwafukuza, na baba yako hajawahi kuacha nzi watue kwenye nyama.

"Nilimuuliza mtoto swali moja," akasema.

"Ndiyo."

"Akasema ndiyo."

"Alikuwa anataka kukuambia alimwonyesha Koko swichi, na ni mimi nilimwambia amwonyeshe. Nilimtoa kabla hajamaliza."

Hapo ndipo alipolia. Sijawahi kumwona akilia, hata kwenye kaburi la mama yake. Alilia akiwa amechuchumaa, mikono ina damu ya mbuzi kwa hiyo hakuweza kujifuta, na nilipomsogelea na kitambaa alisema, "Usinishike." Alienda bombani akanawa mikono mara nyingi kuliko damu iliyokuwepo. Kisha akakupigia simu. Wewe umesikia upande wake, mimi nikuambie tu kwamba aliposema, "Kaa hapo kwa shangazi, usipande gari, nakuja mwenyewe," alikuwa amejiegemeza ukutani. Ulipomuuliza kuna nini akasema hakuna kitu. Lilikuwa jambo la mwisho aliloweza kusema bila sauti kukatika, ndiyo maana alikukatia.

Alipofika langoni na gari alishusha kioo. Nilifikiri atanitukana, na ningeshukuru.

"Andika yote," akasema. "Usiache kitu. Na kesho wewe hutatoka hapa. Mimi ndio nitampeleka uwanja wa ndege."

Nikasema sawa.

"Na kama atataka kukuona kabla aende, yeye ndiye atasema. Si wewe."

Nikasema sawa tena.

Kwa hiyo nimeandika yote. Sasa hivi atakuwa amepita Isinya. Sijui atakuambia nini kule kwa shangazi yako, si mtu wa maneno, na huenda asiseme chochote. Akikuwekea mkono kichwani katikati ya uwanja wa shangazi bila maelezo, hii barua ndiyo maelezo. Usimwulize kwa nini alichelewa miaka saba. Niulize mimi.

Mbuzi nimemaliza kumchuna mwenyewe. Nimemchuna vibaya, ngozi imetoboka mahali pawili, na ndugu za baba yako wakija kesho watasema ni kazi ya mke wa ilmeek. Watakuwa wamesema kweli.

Kuhusu Ujerumani, sikuambii nenda wala baki. Lakini kifungo ulichojipa si chako, na hata kesho ukiwa umeshika tiketi unaweza kuvunja safari. Zile hesabu bado uko nazo kichwani, na yule mwalimu bado anakuulizia. Ukiamua kwenda, nenda kwa sababu unapenda wazee. Unawapenda, hilo nililiona, ni kitu nilichokichukia nikiwa nimesimama mlangoni nawatazama.

Sikuombi msamaha ndani ya barua, kwa sababu nakujua, utaniandikia unisamehe ili nilale vizuri, halafu wewe ndiye utakayekosa usingizi. Nitakuwa chumbani kwangu mkirudi, mlango nimeufunga lakini si kwa ufunguo. Usije kwa huruma. Kama hujisikii kuja, pita, ule nyama na baba yako, ulale, uondoke.

Ukifika huko mpigie yeye kwanza. Ukikaa mwezi, ukikaa mwaka, hujanipigia mimi, akina mama wa kanisani wataniuliza huyu mtoto wako mbona amekusahau. Miaka saba nimekuwa nikiwajibu watu kwa kukusingizia wewe. Mara hii nitawaambia nilichokifanya.

Mama yako.